Jedwali limejaa lenzi, picha sina

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa mtaa wa Umoja, Nairobi. Mwaka jana binamu yangu alipopata kazi Qatar aliniachia kamera yake, Canon 700D, kwa bei ya kindugu, ikiwa na lenzi yake ya 18-55. Nilianza kwa kupiga picha za wanangu na za sukuma wiki ya kwenye ndoo pale barazani, nikanogewa. Sasa kila Jumapili mimi ndiye mpiga picha wa kwaya kanisani, malipo yangu chai, na Jumamosi nikipata nafasi naenda bustani ya miti ya Arboretum kuvizia ndege.

Tatizo ni kwamba picha za kwaya hazisomeki. Nasimama karibu na benchi la tatu, kama mita nane hivi kutoka kwa waimbaji, lenzi nimeivuta hadi mwisho, na bado nyuso zinatoka zimefifia na mikono inakuwa kama moshi. Kwa ndege ndiyo usiseme: ndege anakuwa nukta, tawi ndilo linaloonekana vizuri. Nimeweka akiba ya shilingi 32,000, nikaamua kununua lenzi. Usingizi ukaishia hapo.

Nalinganisha lenzi tangu Februari. Nina jedwali kwenye kompyuta lenye lenzi 14, na safu za uzito, mwaka wa kutoka, idadi ya majani ya tundu la kupitishia mwanga, na alama walizopewa na wachambuzi. Kila nikikaribia kuamua, natazama video moja ya mwisho, na mtu aliyevaa koti zito la baridi ananiambia kwamba pembe za picha zake hazikatiki vizuri, yaani si kali. Narudi mwanzo.

Zimebaki tatu. Ya kwanza ni 50mm f/1.8 STM (STM ni aina ya mota ya fokasi). Ya pili ni 55-250 IS STM ya mtumba. Ya tatu ni 75-300 III, mpya ndani ya boksi. Akiba yangu inatosha moja mpya, au mbili za mtumba nikibembeleza. Muuzaji wa duka moja katikati ya jiji aliniambia, "Madam, mia tatu ni mia tatu. Hiyo 50 haivuti hata kidogo, utajuta." Mwenzangu mmoja anayepiga harusi akanionya nisiguse chochote kilichoandikwa EF-S, yaani lenzi za kamera zenye sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo kama yangu, kwa sababu siku nitakayopata kamera ya fremu kamili, yenye sensa kubwa, nitakitupa. Mwingine akasema kama si 70-200 f/2.8, nisijisumbue. Hiyo bei yake sikuthubutu hata kuiingiza kwenye jedwali.

Mume wangu ni mtu mpole. Juzi alichungulia begani kwangu akauliza, "Mwalimu, hizi lenzi unazinunua au unazisahihisha?"

Mjomba, nichukue ipi? Na nitajuaje kwamba ni nzuri kabla pesa haijatoka mfukoni?

Mwalimu wa Jedwali, Umoja

*

Marahaba Mwalimu. Mumeo nimempenda bure.

Katika safu zote ulizonitajia sijaona hata moja yenye neno "kwaya". Uzito upo, mwaka upo, majani ya tundu yamehesabiwa. Ndiyo maana jedwali halikujibu, hata ukikesha nalo hadi Desemba. Tuanzie kwenye picha ulizoharibu, na tafadhali kama hujazifuta usizifute.

Fungua ile ya kwaya iliyokuudhi kuliko zote, kisha tazama maelezo ya faili kwenye kompyuta. Kamera huandika humo milimita ulizotumia (lenzi imevutwa kiasi gani), upana wa tundu (ile namba ya f), kasi ya shata (tundu linapitisha mwanga kwa muda gani) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Sijaiona, lakini naweka dau la kikombe cha chai: utakuta f/5.6, ISO 3200 au 6400, na shata 1/30 ya sekunde au jirani yake. Lenzi yako ukiivuta hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Kamera inabaki na njia mbili za kutafuta mwanga: kupandisha ISO mpaka picha ijae chenga, au kuiacha shata wazi kwa muda mrefu. Na katika huo muda, mwimbaji wa sauti ya tatu ameshapiga kofi na kuyumba. Moshi wako umetokea hapo.

Sasa hesabu, nawe utanisahihisha. Mwanga unaoingia huenda kinyume cha mraba wa namba ya tundu: namba ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. Gawanya 5.6 kwa 1.8 upate 3.1, zidisha hiyo kwa yenyewe, ni karibu 10. Yaani lenzi ya f/1.8 ikifunguliwa yote inaingiza mwanga takriban mara 10 ya ule unaoupata sasa. Kanisa lilelile, ISO ileile, shata inatoka 1/30 na kusogelea 1/300. Mikono inasimama. Ukiona 1/125 inakutosha, baki hapo na uishushe ISO kwa nusu, chenga zipungue.

Herufi IS zimewaponza wengi hapa. Mtu anasikia lenzi ina kitulizo cha mtikisiko, anadhani dawa ya picha zilizofifia imepatikana. Kitulizo kinatuliza mkono wako wewe. Anayeimba hakimhusu. Kwa jengo, kwa mti, kwa twiga aliyesimama akikutazama, ni kitu kizuri mno. Kwa kwaya inayocheza ikiimba, 55-250 pamoja na kitulizo chake itakupa ukuta mkali wa kanisa na waimbaji walewale wa moshi, maana ukiivuta, tundu lake nalo linaishia f/5.6.

Muuzaji amesema kweli kwamba 50 haivuti. Lakini wewe hapo benchi la tatu unapiga kwa 55, umeniambia mwenyewe. Ukiwa mita nane, tofauti ya 50 na 55 ni kusogea mbele hatua moja. Kwa hiyo kwa kwaya hujawahi kukosa umbali hata siku moja, umekosa mwanga, na dukani wamekuuzia dawa ya ugonjwa wa ndege kwa mgonjwa wa kanisani. Simlaumu sana muuzaji. Hakuona picha zako, naye alikuwa na boksi la kuondoa.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, fanya jaribio la bure. Weka lenzi yako ya 18-55 kwenye 50, ishike pete kwa selotepu, utembee nayo wiki nzima: nyumbani, shuleni, kanisani. Usiibandue. Picha zitakuwa na giza lilelile, hilo usilijali, tunapima nafasi tu. Wiki ya pili ihamishie kwenye 24 au 35. Utajua kwa miguu yako kile ambacho hakuna video itakuambia, kwamba sebule yako inatosha au haitoshi. Sensa ya 700D ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, unazidisha kwa 1.6, na 50 inaona kama ambavyo 80 ingeona kwenye fremu kamili. Kumpiga mtu mzima kuanzia kichwa hadi viatu, kamera ikiwa imesimamishwa wima, unahitaji kurudi nyuma karibu mita nne. Nyumba nyingi za Umoja ninazozijua, mita nne ni kuwa nje kwa jirani. Kwa uso na mabega ya mtoto karibu na dirisha, hapo 50 ni tamu kweli. Ukigundua picha nyingi unazozipenda ni za ndani, watoto watatu mezani na sufuria ya ugali, basi ongeza kwenye jedwali ile 24mm f/2.8 STM. Haina mwanga mwingi kama 50, lakini inaingiza mara nne ya f/5.6, ni gramu 125 tu, na haitakusukuma ukutani.

Mimi nilijifunza upigaji kwa Zenit ya Umoja wa Kisovieti yenye lenzi moja ya 58mm f/2. Sikuchagua, ndiyo iliyokuwepo. Pesa zilipokuja nikanunua zumu (lenzi ya kuvuta) ndefu, nyeusi, nzuri ya kutundika shingoni, nikaenda nayo kwenye sherehe ya usiku ya shemeji. Filamu tatu nzima, hakuna uso hata mmoja. Shemeji hadi leo ananikumbusha tukikutana msibani.

Tuje kwa ndege, na hapa sitakubembeleza. Ndege aina ya chozi ana urefu wa sentimita 12 hivi. Akiwa mita 10 kutoka kwako, lenzi ya 250 inamchora kwenye sensa akiwa na urefu wa milimita 3. Sensa yako ina upana wa milimita 22. Kwa hiyo anachukua sehemu moja ya saba ya upana wa picha. Ya 300 inampa milimita 3.6, sehemu moja ya sita. Hiyo ndiyo "mia tatu ni mia tatu" uliyouziwa: kutoka moja ya saba hadi moja ya sita. Ungepiga hatua tatu kumwendea chozi ungepata zaidi ya hapo, kama hangeruka.

Na hiyo 75-300 III inakugharimu nini kwa tofauti hiyo? Haina kitulizo. Kwa sensa yako, 300 inakuwa kama 480, na desturi ya mkono mtupu inadai shata ya 1/500 hivi, wakati chini ya miti ile ya Arboretum iliyoanza kupandwa 1907 hata saa nne asubuhi kivuli ni kizito. Ni muundo wa 1999, mdomo wake wa mbele unazunguka wakati wa kutafuta fokasi, na ukiivuta mwisho huku tundu liko wazi picha inalegea. 55-250 STM ilitoka 2013, inatafuta fokasi kimya, ina kitulizo, ni gramu 375, na ninavyoona inaishinda ile nyingine karibu kila mahali isipokuwa kwenye namba iliyoandikwa ubavuni. Kati ya hizo mbili mimi sihitaji jedwali.

Lakini je, uinunue sasa? Ningeikodi kwanza. Nairobi kuna maduka yanayokodisha lenzi kwa siku. Watadai kitambulisho na pengine amana, soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Ikodi siku moja uende nayo Arboretum, au Nairobi National Park ukipata gari la kuchangia. Ukirudi na picha za tumbili, nyumbu na korongo wale wenye vipara, ukafurahi, utaitafuta ya mtumba kwa moyo mweupe. Ukirudi umenuna kwa sababu ya chozi, utakuwa umejua kwa bei ya kukodi kwamba unachokitaka ni 400 kwenda juu, na hiyo ni safari nyingine na akiba nyingine.

Yule wa "usiguse EF-S" ana nusu ya ukweli. Ni kweli lenzi ya EF-S haiingii kwenye kamera za Canon za kioo (zenye kioo cha ndani cha kuchungulia, kama 700D) zenye fremu kamili. Lakini Canon wenyewe walianza mdomo mpya wa kufungia lenzi, RF, mwaka 2018, kwenye kamera zisizo na kioo, na kwa adapta yao lenzi za EF (za fremu kamili) na EF-S zote zinaingia. Za EF-S zinatumia sehemu ya kati tu ya sensa kubwa. Kamera unayoogopa kuikosea adabu hata hujainunua. Nunulia lenzi ile uliyo nayo mkononi. Na yule wa 70-200 f/2.8 mwambie akubebee. Zile za Canon za kioo ni karibu kilo moja na nusu, na yeye hapandi matatu ya Umoja saa kumi na mbili jioni.

Umeuliza utajuaje nzuri ni nzuri. Nenda dukani na kamera yako, betri imejaa, kadi tupu. Usikubali kujaribishwa kwenye kamera ya duka. Weka kamera juu ya kaunta au stendi, ISO 100, washa kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise, na tumia kioo cha nyuma (skrini) kuweka fokasi badala ya kuchungulia. Piga kitu chenye maandishi madogo kilicho mbali kidogo, rafu ya upande wa pili inatosha. Piga moja tundu likiwa wazi kabisa, nyingine kwa f/4, nyingine f/8. Kama kuna lenzi mbili zinazoshindana, usisogeze kamera. Badilisha lenzi tu. Ukihamia hatua mbili kushoto, umelinganisha sehemu mbili za duka.

Halafu rudia ile ya tundu wazi kwa kuchungulia kwenye kidirisha cha juu, mara tano sita, ukiilazimisha fokasi ianze upya kila mara. Wengi huruka hatua hii. Ukiwa mita mbili kwa f/1.8, eneo linalokatika vizuri ni kama sentimita 11 tu kutoka mbele hadi nyuma. Kamera za kioo hutumia kipimo tofauti cha fokasi unapochungulia, na 700D haina sehemu ya kukirekebisha kwenye menyu. Ikiwa picha za kioo cha nyuma ni kali na za kidirisha fokasi yake yote imeangukia nyuma ya maandishi, usiseme lenzi ni mbovu, ila hiyo na kamera yako haziivi chungu kimoja. Omba nyingine ya aina hiyohiyo. Duka likikataa, asante, kwaheri. Na usiogope sentimita 11 kwa kwaya: ukiwa mita nane eneo hilo linakuwa mita 1.75 hivi, na ukifunga hadi f/2.8 linapita mita mbili na nusu. Safu tatu za waimbaji zinaingia.

Pembe za picha, zile zilizokukosesha usingizi, zitazame mwisho. Yule mwenye koti la baridi anapiga ubao wa mistari, anaukuza mpaka pikseli zinahesabika. Picha ya kamera yako ina pikseli 5184 kwa upana; ukiichapisha inchi 12 kwa 8 unakuwa bado na akiba ya kutosha ya kuficha makosa. Na nyingi zitaishia WhatsApp ya kwaya, ambako zinabanwa hata kabla ya mchungaji kuziona. Kwenye pembe za picha zako kuna pazia na spika.

Ya mtumba ina mambo yake. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma, utazame kutoka mbele, kisha geuza. Vumbi mbili tatu si neno. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Irudishe na usiulize bei. Lenzi iliyokaa Pwani miaka mingi bila kutunzwa ichunguze mara mbili. Tikisa polepole usikie kama kuna kinachocheza ndani. Kagua pini za dhahabu nyuma na meno ya mbele ya kufungia kichujio. Meno yaliyobonyea yanasema iliwahi kuanguka. Iweke kwenye kamera, chagua f/16, bonyeza kile kitufe kidogo cha kuonyesha kina cha picha kilicho mbele kando ya lenzi, uone majani yakifunga sawasawa bila mafuta. Kutana na muuzaji mahali pa watu, mchana, na M-Pesa itoke baada ya lenzi kupiga picha, si kabla, hata kama ana "mteja mwingine anakuja kutoka Thika".

Kwa hiyo, Mwalimu, selotepu wiki mbili. Kama hukugonga ukuta, chukua 50mm f/1.8 STM. Tafuta hii ya STM iliyotoka 2015; ile ya zamani yenye alama II ina mdomo wa plastiki na kelele ya mota inayosikika katikati ya sala. Kama uligonga ukuta kila siku, chukua 24, na kwaya uipige ukiwa karibu zaidi, ukiomba ruhusa ya kukaa pembeni mwa madhabahu. Pesa itakayobaki ifunge, usimpe muuzaji kwa kichujio na begi la tatu; toa humo ada ya kukodi 55-250 siku moja mwezi ujao.

Na safu ya majani ya tundu ifute. Mwambie mumeo umeanza kusahihisha.

Mjomba